Mwaka wa Kupapasa Viazi

Dada Zuhura alikiinua kipande cha chipsi mbele ya dirisha la hoteli, akakigeuza huku na huku, kisha akakirudisha kwenye sahani. "Hiki kimelala baridini," alisema. "Wanga wake umerudi kuwa sukari. Ndiyo maana kimeungua nje kabla ya kuiva ndani." Binti aliyetuhudumia alidhani mteja analalamika, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia asihangaike, huyu mama halalamiki, hivi ndivyo anavyosalimiana na viazi. Tulikuwa Mbinga mjini, karibu na stendi, yeye akiwa njiani kushuka Mbamba Bay kwenye harusi ya mjukuu, mimi nikiwa nimetoka nyumbani asubuhi na mapema ili nimwahi kabla gari halijaondoka. Miaka mingi ilikuwa imepita bila kuonana. Nilikuja nimejiandaa kwa mazungumzo ya watu wa umri wetu, yaani magoti, presha na wajukuu wasiopokea simu, lakini kipande kile kimoja cha chipsi kilituchukua kikaturudisha mlimani, na mpaka gari lake linapiga honi tulikuwa hatujataja ugonjwa hata mmoja. Nimefundisha sayansi sekondari hadi nikastaafu, na nimeulizwa mara nyingi nilianza kuipenda lini. Huwa najibu kwa mkato, kwa sababu jibu la kweli linahitaji mtu akae.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo kwetu ufukweni mwa ziwa, siku zinapita kwa kuanika usipa, wale dagaa wetu, na kumenya muhogo. Zuhura alikuwa amenifundisha baiolojia. Alikuwa mtoto wa mwenye duka wa Songea mjini, mwanamke wa maneno machache na mtandio uliofungwa vizuri, na shule ilikuwa imempa ruhusa akasomee shahada ya juu. Sasa alikuwa amefikia kazi ya shambani, huko Umatengoni, juu ya kijiji cha Mkumbi, na alihitaji mtu mwenye mikono myepesi. Akanitumia salamu kwa dereva wa lori, nami nikapanda lori hilohilo, nikatazama ziwa likizama nyuma yetu kila tulipokata kona ya mlima, hadi likabaki mstari wa buluu, kisha ukungu ukalimeza. Zuhura alinipokea akiwa amevaa sweta mbili. Kitu cha kwanza alichoniambia, kabla hata sijatua mzigo, ni hiki: "Rhoda, nina msimu mmoja tu. Mvua hizi zikiisha, ruhusa yangu imeisha. Viazi vikinikataa narudi darasani bila kitu, nikawapasulishe watoto wa watu panzi mpaka nizeeke." Kisha akanicheka nilivyokuwa natetemeka, akanivika sweta moja.

Tulikaa kwa Bibi Otilia, mjane aliyetupa chumba na kutukodisha sehemu ya shamba lake. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na jiko lilikuwa nje, limejaa moshi na mazungumzo. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, picha ya Bikira Maria juu ya kimoja, na chini ya picha hiyo ndipo Zuhura alipotandika msala wake, kwa sababu upande ule ndio uliokuwa na nafasi. Mimi Mwanglikana nililala katikati ya dini mbili kubwa na sikuota ndoto mbaya hata siku moja. Bibi alinitania tangu jioni ya kwanza. "Wewe mtu wa majini, utaweza ugali wa mahindi, au tukuletee samaki umwangalie huku unakula?" Lakini kwa Zuhura hakuwa na utani, alikuwa na wasiwasi. Kule Umatengoni mgeni wa heshima huchinjiwa nguruwe, na nguruwe alikwisha kuandaliwa, mnene, anakoroma nyuma ya nyumba bila kujua lolote. Bibi alipouona ule mtandio, aliganda na kisu mkononi. Siku ya pili alitembea hadi mnadani, akarudi na sufuria mpya kichwani, karatasi ya dukani ikiwa bado imebandikwa, akatangaza kwamba sufuria hiyo ni ya Zuhura, na atakayeitia mafuta ya nguruwe atamburuta hadi kwa Paroko.

Nilimsikia jikoni akizungumza na jirani yake juu ya jambo hili. Waliongea Kimatengo, na Kinyasa changu kilinisaidia nusu, ile nusu nyingine nilijazia kwa akili. "Nguruwe hali. Kuku nimebakiwa na huyu anayelalia mayai. Sasa mgeni wa namna hii nitamheshimu kwa kitu gani mimi?" Jirani alisema jambo, wakacheka wote wawili, kisha Bibi akasema polepole, "Mwezi wa njaa huu ukifika, nitaona." Nililichukulia kuwa neno la mtu mkarimu tu. Sikujua kuwa huo ulikuwa mpango kamili.

Shamba lenyewe lilikuwa kwenye mteremko uliosimama hata nikaogopa. Wamatengo hulima kwa ngoro, mashimo yaliyopangwa juu ya mlima mzima, na kati ya shimo na shimo kuna tuta lililofukia majani. Ukiwa upande wa pili wa bonde unaona mlima mzima umetobolewa kwa mpangilio, mvua inanyesha na udongo haubebwi. Viazi vyetu vilikuwa juu ya matuta hayo. Zuhura alipiga magoti kwenye tuta, akafukua udongo kwa kijiko cha chai, taratibu, kama mtu anayetoa mchanga kwenye jicho la mtoto. "Tazama," aliniambia. Chini ya mmea palikuwa na matawi meupe membamba, si mizizi, matawi kabisa, ila yameamua kwenda gizani badala ya juani. Aliyaita matambazi. Kila moja ncha yake ilikuwa imejikunja kama ndoano ndogo. Mimi ndoano nazijua tangu utotoni, na nilipoziona nyingi namna ile, nyeupe, zimetulia kwenye udongo mweusi, nilihisi kama nimechungulia mahali ambapo sikualikwa. "Hapo kwenye ndoano ndipo kiazi kinapoumbika," Zuhura alisema. "Leo ni uzi. Wiki ijayo ni punje ya harage. Mimi nataka kujua kati ya leo na wiki ijayo kinatokea nini humo ndani." Nilidhani huo ni utafiti wa siku moja. Kumbe watu wamezeeka juu ya swali hilo.

Kazi ya pili tuliifanyia parokiani. Paroko alitupa chumba cha mafundisho nyuma ya zahanati, chenye ubao, benchi ndefu na umeme wa kijito ambao wamisionari walikuwa wamefunga zamani. Umeme huo huo ndio ulioendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Mashine ikiwashwa, taa yetu inakuwa nyekundu na sindano ya kifaa chetu cha kupimia rangi inatetemeka, kwa hiyo tulipima wakati wasagaji wamepumzika. Tulikata ncha za matambazi kwa wembe, tukazitumbukiza kwenye barafu tuliyoiomba kutoka friji la chanjo, tukazisaga kwenye kinu kidogo cha kaure pamoja na mchanga mweupe, tukakamua maji yake kwa kitambaa. Maji hayo, matone machache tu, tuliyachanganya na maji ya sukari ya kawaida, sukari ya chai, tukayaweka mahali pa vuguvugu tukasubiri. Zuhura alinieleza wakati tukisubiri. Majani hutengeneza sukari na kuishusha chini ikiwa imeungana mbilimbili. Katika tambazi ambalo bado linatafuta njia, kuna kimeng'enya kiitwacho invatesi, ambacho kazi yake ni kuikata ile sukari iwe moja moja, ikaliwa hapo hapo, ikawa nguvu ya kutambaa. Kiazi kinapoanza kuumbika, invatesi hunyamaza. Kimeng'enya kingine huchukua zamu, na sukari haiteketezwi tena, inageuzwa wanga na kuwekwa akiba. "Kwa hiyo kiazi ni uamuzi," alisema. "Mmea umeacha kula, umeanza kuweka."

Akaongeza dawa ya buluu kwenye mirija yetu, akaichemsha, na mrija uliokuwa na maji ya tambazi ukageuka kijani, kisha rangi ya tofali. Ule wenye sukari peke yake ukabaki buluu. Niliuliza hivi ule mmea si tumeukata, tumeuponda, umekufa? "Mmea umekufa," alisema, "ila kimeng'enya hakijui. Ukikiletea sukari, kitakata." Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilikwishaandika neno kimeng'enya kwenye mtihani, nikapata na vema, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna kazi inayoendelea bila mfanyakazi, ndani ya kila kitu kibichi nilichopata kukishika, ndani ya muhogo, ndani ya samaki, ndani ya mkono wangu mwenyewe ulioshika mrija. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya zahanati. Kina mama wenye watoto wa kliniki wakaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimeshangaa tu, na hilo likawa jibu langu la kweli kwa mwaka mzima.

Mwezi wa njaa ulipofika, mahindi ya ghalani yalikuwa yamebaki chini na mapya bado ni maua. Nyumba nyingi zilikula mara moja. Kwetu, ajabu, chakula kilikuwa kizuri kuliko wakati wowote. Mara mbili au tatu kwa wiki Bibi alipakua kutoka kwenye sufuria ya Zuhura viazi vichanga, vidogo, ngozi yake nyembamba hata hubanduka kwa kidole, vimechemshwa na chumvi tu, pembeni maharage, siku nyingine usipa niliotumiwa kutoka nyumbani. Vilikuwa vitamu. Zuhura, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alifumba macho akitafuna. "Bibi, hivi unavipata wapi?" "Kula, mwanangu. Mgeni hali viazi vya mwaka jana." "Lakini hivi ni vitamu mno." "Vitamu kwa kuwa ni vichanga," Bibi alijibu, akiwa ameridhika hata mabega yakawa yamenyooka, na Zuhura akatumia nafasi hiyo kunisomesha mezani kwamba Bibi anasema kweli, kiazi kichanga kina sukari ambayo haijawahi kugeuzwa wanga. Tukala somo pamoja na mfano wake.

Wakati huo huo kazi ikaanza kutukataa. Kila mmea una matambazi mengi, lakini machache hutangulia kuvimba, na hayo hujivutia sukari yote. Yaliyochelewa hubaki na ndoano zao, yanakata sukari kidogo inayoyafikia na kuila, yanasubiri, na mengi husubiri hadi mmea unakauka. Hayo yanayosubiri ndiyo tuliyopima. Zuhura alitegemea kuona invatesi yake ikiwa juu, na katika mimea mingi ndivyo ilivyokuwa. Kwenye ubao wa mafundisho, chini ya sala ya Baba Yetu ambayo hatukuthubutu kuifuta, alichora mstari wa chaki uliokwenda vizuri. Lakini ghafla mimea mingine ikaanza kutoa majibu ya ajabu. Tambazi lililopaswa kusubiri, jembamba, la umri ule ule, kwenye tuta lile lile, tunalisaga na sindano inalala chini. Tunalidondoshea iodini, linageuka jeusi, maana yake tayari lina wanga. Tambazi la mmea wa jirani, halina. Hapakuwa na mpangilio wowote ndani yake, juani au kivulini, juu ya mteremko au chini. Zuhura alibadilisha maji, akaosha mirija kwa majivu na ndimu, akapika dawa upya. Ajabu ile ikabaki pale pale. Akaacha kula vizuri. Jioni moja alisimama mbele ya ubao akafuta nusu ya mstari wake kwa kiganja. "Kitu kinachotokea bila sababu hakiandikiki," alisema. "Ama mimea hii ina wazimu, ama mimi sijui kupima. Na wasimamizi wangu hawatasema ni mimea." Sikuwahi kumwona mwalimu wangu akiwa na hofu. Ilinitisha kuliko mteremko.

Asubuhi moja ya ukungu nilitangulia shambani kuchukua vipimo vya joto la udongo. Nilisikia kabla ya kuona, mtu akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kisha ukungu ukasogea na hapo alikuwa Bibi Otilia, amepiga magoti kwenye tuta letu, shavu limekaribia majani, mkono umezama udongoni hadi kiwiko. Macho alikuwa ameyafumba. Mkono ulikuwa unatembea chini ya ardhi, nikaona udongo ukipanda na kushuka kidogo. Ukasimama, ukazunguka, ukatoka na kiazi kimoja saizi ya yai. Akakipangusa kwa kitenge, akakiweka kwenye kikapu, akaufukia udongo na kuupigapiga kwa upendo. Mmea haukutikisika jani. "Shikamoo, Bibi," nilisema. "Marahaba, mjukuu wangu. Umeamka mapema. Leo nimepata vizuri, mtafurahi."

Tulikuwa tumekula utafiti wetu. Tulikuwa tumeutia chumvi, tumeusifu, tumeomba tuongezewe.

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Zuhura, kwa sababu sikuona namna nyingine. Alinisikiliza amesimama, kisha akakaa kitandani, kisha akainuka akaenda jikoni. Bibi alikuwa anaosha viazi. "Bibi, nilisema mtu asiguse mimea ile." "Sijaigusa. Nani kang'oa? Nenda kahesabu, yote imesimama." Na kweli alishangaa, hakuwa anajitetea. Nilielewa baadaye kwamba kwa wanawake wa pale kupapasa si kuvuna. Kuvuna ni jembe, ni siku maalumu, ni kumaliza. Kupapasa ni kuuomba mmea kitu kidogo wakati wa njaa huku ukiuacha uendelee, na mwanamke anayejua kupapasa huwapapasia wageni wake, si tumbo lake. Yeye mwenyewe, wakati sisi tunakula vile viazi, alikuwa anakula uji. Zuhura alimwuliza ni mimea ipi aliyoipapasa. "Nitakumbukaje? Mkono unakwenda unakokwenda." Hapo Zuhura aliangua kilio. Alilia kwa sauti, mtandio umeanguka mabegani, akasema msimu umekwisha, kila kitu kimekwisha. Bibi alimtazama, akavitazama viazi vilivyokuwa kwenye maji, nikaona uso wake ukianguka pale alipoelewa amefanya nini. Aliiondoa sufuria mpya jikoni, akaileta chumbani kwetu, akaiweka chini ya kitanda kama kitu ambacho hastahili tena kukishika. Siku ile na iliyofuata njia ya shambani aliikwepa, akapita kule chini kwenye kijito.

Ni Zuhura aliyeanza kuona. Tulikuwa chumba cha mafundisho, amekaa ameegemea ukuta, anautazama ubao. "Rhoda, mmea ukiondolewa kiazi kikubwa, ile sukari iliyokuwa inakiendea inakwenda wapi?" Hakuwa ananiuliza mimi. "Inawaendea wanaosubiri," alisema. Akainuka. "Wanaosubiri wanaamka. Si wazimu, Rhoda. Ni mkono." Tatizo lilikuwa kuthibitisha. Mistari yote ya mimea tuliyokwisha kuipima ilikuwa imechanganyika, haifai. Ilibaki mistari miwili ya juu kabisa, aliyokuwa ameihifadhi kwa ajili ya kupima mavuno ya mwisho. Akiitumia sasa, mpango wake wa mwanzo unakufa rasmi. Na kama mkono wa Bibi siyo sababu, anabaki hana chochote, si wa kwanza si wa pili. Aliniambia yote hayo tukiwa njiani, anatembea haraka, nami nikimfuata mbio. Nilikuwa na umri wa kushika barafu tu.

Bibi alikuwa anapepeta maharage uani. Zuhura alichuchumaa mbele yake. "Bibi, nisaidie. Kazi yangu imeharibika." "Mimi ndiye niliyeharibu." "Basi nakuomba uharibu tena, nikiwa naangalia." Bibi aliacha kupepeta. Alidhani anadhihakiwa, na ilichukua muda, na mimi nikirudia yote kwa Kimatengo changu kibovu, mpaka akakubali kwamba mwanamke huyu msomi anamtaka kweli aingie shambani na kupapasa. Tulifunga nyuzi nyekundu kwenye baadhi ya mimea na nyeupe kwenye mingine. Kwenye nyekundu alipapasa na kutoa vikubwa vyote, haraka, kwa furaha ya mtu aliyesamehewa. Kwenye nyeupe Zuhura alimtaka aingize mkono vile vile, avishike viazi vile vile, kisha auondoe mkono mtupu, ili tujue kinachoamsha ni kukosekana kwa kiazi au ni kusumbuliwa tu kwa udongo. Hilo lilimshinda Bibi. Alizamisha mkono, akakishika kiazi, akanyanyua macho. "Nimekipata." "Kiache, Bibi." "Kikubwa hiki." "Kiache." "Mwanangu, hii ni dhambi." Aliuchomoa mkono akiutazama kama si wake, akaenda kwenye mmea uliofuata akinung'unika kwamba shule za siku hizi zinafundisha watu kushika chakula na kukiacha.

Tukasubiri. Mvua ilinyesha, Zuhura akaswali, mimi nikasali kwa namna yangu, na Bibi akatuambia ametia nia kwenye misa, ila hakumweleza Paroko ni nia ya nini kwa kuwa hata yeye hakuwa na uhakika. Siku ya kupima ilikuwa siku ya kusaga. Zuhura alikwenda mwenyewe kwa fundi wa mashine kumwomba asiwashe hadi tumalize. Fundi akakubali, wanawake waliokuwa na mahindi hawakukubali, wakaja wakakaa nje ya dirisha letu na vindoo vyao, wanatusema waziwazi. "Wanapima nini humo?" "Sukari." "Ya nani?" "Ya kiazi." "Kiazi kinaumwa?" Bibi Otilia alikaa nao, akiutazama mlango wetu tu, na mimi sikuthubutu kutazama nje.

Tulianza na nyeupe. Nilisaga, nikakamua, Zuhura akapima. Sindano ikapanda. Nyingine, ikapanda. Wanaosubiri walikuwa bado wanasubiri, wanakata sukari yao na kuila. Kisha nikampa mrija wa kwanza wa uzi mwekundu. Sindano haikupanda. Alikigonga kifaa kwa ukucha. Ikabaki chini. Mrija wa pili, chini. Wa tatu, chini. Nikachukua tambazi moja la uzi mwekundu, ndoano yake ikiwa imeanza kunyooka na kunenepa kidogo sana, kiasi cha kichwa cha kiberiti, nikalipasua kwa wembe, nikadondosha iodini. Kwa pumzi moja hapakuwa na kitu. Halafu weusi ukajitokeza katikati, ukasambaa taratibu hadi kingo. Nikafanya vivyo hivyo kwa tambazi la uzi mweupe, na likabaki na rangi ya iodini tu, manjano. Niliviweka kwenye kigae pamoja, kimoja kikiwa giza na kingine mwanga, na kitu pekee kilichovitofautisha ni mkono wa bibi kizee uliopita mahali fulani na kuchukua. Zuhura alisema "Alhamdulillahi" bila sauti, midomo tu, akateleza ukutani akakaa sakafuni na kuufunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika na safari hii sikuogopa. Nilijua harudi kwenye panzi.

Nimeishi miaka mingi na jambo lile na bado sijalizoea. Mmea hauna macho. Uko gizani, umezikwa nusu. Mtu anakuja kwa upole hata majani hayatikisiki, anachukua kimoja, na ndani ya siku chache, bila amri kutoka popote tunapoweza kupaonyesha kwa kidole, mkataji ananyamaza, mwekaji anaamka, na aliyekuwa anasubiri pengine milele anaanza kuwa chakula. Wanafunzi wangu walitaka niseme ni homoni, ni mkondo wa sukari, nami niliwafundisha hayo yote kwa sababu ni kweli na huja kwenye mtihani. Lakini kila nilipofika hapo nilipunguza sauti, na darasa zima likanyamaza bila kujua kwa nini.

Zuhura alipoweza kusimama alitoka nje, akapita katikati ya vindoo vya mahindi, akamkumbatia Bibi mbele ya wanawake wote. Akamwambia fundi awashe mashine. Kisha akamshika Bibi mkono, tukapanda hadi shambani watatu, akapiga magoti na kumfukulia kwa kijiko cha chai mmea mmoja uliofungwa uzi mwekundu, amwonyeshe zile ncha zilizovimba. Akamweleza bila neno hata moja la kitabuni. Vikubwa viliondoka, hivi vidogo vikapata habari, vikaacha kula vikaanza kujaza nafasi. Bibi alivitazama muda mrefu. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imejaa udongo ambao nadhani haukuwahi kutoka tangu utoto wake.

"Kwa hiyo siku zote hizi," aliuliza, "nikichukua, anajua?"

"Anajua, Bibi."

"Hata nikienda polepole?"

"Hata ukienda polepole."

Alijifunga kitenge upya. Akasogea hadi mmea uliofuata, kwa sababu ilikuwa karibu na chakula cha mchana na wageni wake walikuwa hawajala. Alipiga magoti, akafumba macho, akanyoosha mkono. Kabla vidole havijagusa udongo akausimamisha mkono hewani.

"Hodi," alisema Bibi Otilia.

Tulinyamaza wote watatu, tukasubiri.

Kisha akauingiza mkono taratibu.